Sifuri Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kituo cha Nne, saa tatu asubuhi. Upepo unatoka kiwandani, unakuja usoni moja kwa moja. Dakika kumi, pumzi sitini. Kila sekunde kumi navuta pumzi moja, naandika: moja kama nimesikia harufu ya kiwanda, sifuri kama sijasikia. Moja zikifika sita, ziara nzima inahesabiwa kuwa na harufu. Leo sifuri tupu. Zote sitini.

Ndiyo kazi yangu. Mnusaji. Watu wakiuliza nasema niko mambo ya mazingira, maana ukitaja kunusa tu wanaanza kukupa soksi zao.

Kituo cha Nne kiko mbele ya geti la mama mkwe. Alinichungulia dirishani akanipungia mkono. Nikajifanya simwoni — niko kazini. Jioni nikaingia kwa geti hilo hilo, nikavua viatu, nikawa mkwe tena.

Kiwanda kinachemsha mifupa na mabaki ya machinjioni, kinakamua mafuta. Leseni yake inaisha mwisho wa Mei. Ziara zenye harufu zikizidi kumi na tano kati ya mia, hakipewi nyingine mpaka kifunge vichujio kwenye mabomba. Wakazi wamevililia vichujio hivyo miaka sita. Sasa hivi tuko kumi na tatu.

Mama mkwe aliuliza kama mwanawe, mume wangu, kapiga simu kutoka migodini. Nikasema mtandao wa huko mbovu. Mtandao huo una miezi mitano ukiwa mbovu. Akasema, “Wanavyochimba madini, wangekumbuka na kuchimbia nguzo ya simu!” Nikacheka kidogo. Nikaosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Kipimo cha pua cha kila mwezi. Maabarani, chupa kumi, ile dawa yao iliyochanganywa na hewa hadi inakaribia kuwa si kitu. Nimepata tisa. Kanuni kapata nane, akanuna.

Kanuni ni mwenzangu wa zamu. Tumempa jina hilo kwa sababu kitabu cha taratibu anakijua kwa moyo, ukurasa na mstari. Hanywi kahawa hata siku za mapumziko. Sabuni yake haina harufu, na yeye pia hana, ni kama kuketi karibu na kabati.

Bosi alisema pua yangu ni hazina ya kitengo. Nilisema asante.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi alikuja na binti yake wa miaka minne. Mtoto alisimama mlangoni, akabana pua kwa vidole viwili vya kila mkono, akagoma kuingia. Wifi akamvuta. Akatapika. Juu ya kiatu cha mama yake!

Wifi: “Jamani, mnaishije humu?” Mama mkwe: harufu gani tena, mbona leo kuzuri? Halafu wote wawili wakanigeukia. Mimi ndiye mwenye pua. Nikavuta pumzi, taratibu, kama tunavyofundishwa — mdomo umefungwa, kifua kimetulia.

Hakuna. Maji ya kudekia. Chai. Matapishi ya mtoto.

Nikasema, leo hakuna harufu. Wifi akaangua kicheko, akadhani namtania. Kisha akaona sicheki. Akaniangalia kwa muda mrefu, akampeleka mtoto nje, wakala mkate wao kwenye gari, vioo juu.

Mtoto alinipungia mkono kupitia kioo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoa nakala za fomu zangu. Nimezipanga sakafuni kwa tarehe, mama alipokwenda ibadani.

Septemba: alama za moja zimo. Oktoba mwanzoni: zimo. Katikati ya Oktoba nilihamia hapa. Kuanzia Novemba mpaka wiki hii, ziara zangu za Kituo cha Nne ni ishirini na nne. Sifuri ishirini na nne. Hakuna hata moja yenye harufu.

Za Kanuni, kituo kile kile, miezi ile ile, zina harufu kila mwezi. Hakuna aliyeona kwa sababu tunajumlisha kwa kituo, si kwa mtu.

Najua ni nini. Ni somo la siku ya kwanza kabisa: pua ikiishi na harufu inaacha kuitaja. Harufu nyingine zote inazisikia, ndiyo maana chupa nafaulu. Ile moja tu imeizoea. Kwa hiyo mnusaji haruhusiwi kulala ndani ya eneo analolipima. Akihama, anajaza fomu ya anwani mpya ndani ya siku saba.

Sikuijaza. Ile fomu ina mstari: *Sababu ya kuhama*. Na anayezipokea ni karani wa masjala, ambaye ana mdomo mpana kuliko meza yake. Ningeandika nini? Mume ameniandikia ujumbe wa mistari miwili, ana mtu mwingine, nisimtafute, na nyumba tuliyopanga ameirudisha kwa mwenyewe. Kabla ya saa sita jengo zima lingekuwa linanipa pole.

Nikaacha. Nikasema nitajaza wiki ijayo.

Na mama nikamwambia mwanawe kapata mkataba wa mbali, migodini, nikamwomba nikae naye nisikae peke yangu. Alifurahi hadi akabadilisha mapazia.

Nilipomaliza kuhesabu nilingoja moyo udunde. Haukudunda. Nikakusanya karatasi, nikafua soksi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Nakwenda kwa dada, upande wa pili wa mji, kwenye hewa isiyo na kitu. Mama nimemwambia ni semina.

“Semina ya kunusa? Si unajua kunusa tayari?”

Ya kunusa vizuri zaidi, mama.

“Haya. Wakikupa cheti ukilete, nitakitundika pale kwenye picha ya mume wako.”

Ijumaa, 14 Machi

Kwa dada. Nalala kwenye kochi. Dada ananipikia na kuniuliza maswali kwa zamu. Umelia? Hapana. Hata siku ile ya ujumbe? Hapana. Basi unajisikiaje? Nikafikiri kweli, maana ni dada yangu, nisimpe jibu la ofisini. Nikamwambia ni kama mkono ulioulalia. Unauona upo, ni wako, lakini hauko.

Akasema mkono kama huo ukiamka unachoma vibaya sana. Kisha akaniongezea chai.

Anasema mama mkwe lazima aambiwe. Mtu mzima yule, si yai. Nikamwambia huyu mwanamke ana mtoto wa kiume mmoja, kila asubuhi anaifuta picha yake vumbi kwa kanga yake mwenyewe. Nenda kamwambie wewe basi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimelala mchana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi. Nilishuka kwenye kona ya duka la vipuri, nikapiga hatua kama arobaini.

Ilinipiga. Sina neno jingine. Mafuta ya zamani yaliyochemshwa mara ya pili. Nywele zilizoungua. Chini yake kitu kitamu, kama tunda lililooza, na hicho ndicho kibaya kuliko vyote, kinashuka hadi kooni na kukaa. Nilisimama nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Macho yalitoka maji — hiyo ni hewa kali tu, inafanya hivyo kwa kila mtu.

Miezi mitano nimekula ndani ya kitu hiki.

Mama alikuwa mlangoni. Akanikumbatia. Imeingia kwenye nguo zake, kwenye nywele, kwenye ngozi ya shingo. Nikabana pumzi mpaka akaniachia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona mwaka huu. Akauliza, semina ilikuwaje? Chai aliyonipa niliinywa yote. Ilikuwa na ladha ya mifupa.

“Mbona macho mekundu?” Vumbi, mama.

Jirani wa ukuta wa pili ana mtoto mchanga. Nilikuwa namsikia akikohoa siku zote, nikisema ni kifua.

Jumanne, 25 Machi

Kituo cha Nne. Arobaini na moja kati ya sitini. Mkono uliandika moja, moja, moja, moja, na mimi namwangalia mama dirishani akifuta picha.

Ziara zimetimia, mia moja na nne. Zenye harufu kumi na nne. Bosi kapiga hesabu: kumi na tatu na nusu kwa mia. Kiwanda kimepita.

Toa sifuri zangu ishirini na nne uone. Kumi na nne kati ya themanini. Kumi na saba na nusu.

Nimeipiga mara tatu. Haibadiliki.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Bosi. Alifunga mlango, akakaa, akasimama, akakaa. Aliuliza kwa nini sikujaza fomu. Nikasema sababu za kifamilia. Hakuchimba, ana heshima zake.

Kisha akasema tuwe watu wazima. Nikisema, siwezi kubaki mnusaji, na yeye hawezi kunitetea. Na nikisema, ziara zangu zikitolewa, zinabaki themanini, hazitoshi, wakili wa kiwanda ataichana ripoti nzima. Leseni itatoka huku sisi tukianza upya. Nisiposema, kiwanda kimepita kwa kumi na tatu na nusu. “Sasa utaumia kwa faida ya nani?”

Nikarudi mezani kwangu nikachonga penseli. Zote.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia Kanuni. Nilitegemea anihubirie. Akavuta droo, akatoa kitabu. Ukurasa wa sitini na mbili, mstari wa chini kabisa, hakuna anayefikaga huko.

Kuna njia. Mnusaji mwenyewe akitamka kosa lake, kwa maandishi na kwa mdomo, kwenye kikao cha kusoma ripoti, mbele ya pande zote mbili — ziara zake zinarudiwa na mtu mwingine ndani ya wiki tatu. Zilizobaki zinasimama. Sharti moja: tamko liwe kweli tupu. Likikutwa na uongo hata mstari mmoja, ripoti yote inafutwa.

Akasema atazirudia yeye. Zote ishirini na nne, asubuhi na jioni. Kisha akasema, akiangalia kitabu na si mimi, kwamba mwezi Desemba alishangaa sifuri zangu. Akadhani pua yake ndiyo inazidisha. Akaacha hata vitunguu.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia kitabu chake kinachanika jalada.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeandika tamko. Nusu ukurasa. *Nilihamia ndani ya eneo tarehe kumi na tano Oktoba kwa sababu za kifamilia.* Kweli tupu. Fupi tu.

Mama atakuja kikaoni. Wakazi wote watakuja. Ameanza kupiga pasi gauni lake la kijani, kikao ni wiki ijayo! Anawaambia majirani mkwe wake atasimama kusema mbele ya wakubwa. Nimemwambia, mama, nakwenda kusema nimekosea. Akasema sawa, lakini utasimama?

Nitasimama.

“Basi.”

Jumapili, 6 Aprili

Wiki mbili tangu nirudi. Harufu inaanza kufifia tena. Leo asubuhi nilitafuta na sikuipata mpaka nilipofungua kabati la mapazia. Niliogopa kidogo, halafu na hofu yenyewe ikafifia.

Alhamisi, 10 Aprili

Ukumbini. Naandika kwenye korido, mgongoni mwa ratiba, nitanakili baadaye.

Ilianza vizuri. Bosi alisoma ripoti, nikaitwa, nikasimama, nikasoma tamko langu. Sauti haikutetemeka. Sifuri ishirini na nne si za kweli, zangu, kosa langu, naomba zirudiwe. Nyuma mtu alianza kupiga makofi, wakamnyamazisha. Kanuni aliinua kitabu, akasoma ule mstari wake wa chini. Mwenyekiti wa kikao akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo wakili wa kiwanda akasimama. Kijana, mpole, anakuita mama kila sentensi. Akauliza: mama, hiyo nyumba uliyohamia ni ya nani? Ya mama mkwe. Mama mkwe wako yumo kwenye orodha ya wanaolalamika? Yumo. Jina la ngapi? La tatu. Aha.

Akasema hana nia mbaya. Lakini hapa tuna mnusaji anayekula kwenye meza ya mlalamikaji. Matokeo yamewashinda wakazi, na ghafla anakumbuka kwamba pua ilikosea, tena imekosea upande ule ule wanaoutaka. Labda walimwita ahamie. Labda walimpanga. Basi atueleze, hizo sababu za kifamilia ni zipi hasa? Nani alimwita?

Hakuna aliyeniita. Ningesema hivyo tu na ingetosha, kama isingefuata *basi kwa nini*.

Nikaangalia mstari wa pili. Gauni la kijani. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, ananiangalia kama tunavyomwangalia mtoto anayesoma shairi shuleni.

Sikuweza. Mwenyekiti akaona, akatoa dakika kumi.

Bosi kanipita tu. Kanuni kaja, kasema taratibu: kweli tupu, hata mstari mmoja. Kaondoka.

Halafu mama. Kaja kakaa kwenye benchi karibu yangu, kafungua mkoba, kanipa peremende. Ninazikataa siku zote, kwa ajili ya kazi. Nimeila.

Akasema: “Wakikuuliza ulikuja kwangu kwa nini, waambie nilikuwa mgonjwa. Nilikuita mimi. Mguu.”

Nikasema, mama, mguu gani?

“Huu hapa. Ulivimba. Nilikuwa siwezi hata kwenda chooni. Nikakwambia, mwanangu, njoo ukae na mimi. Nani atabisha? Nitachechemea nikiingia.”

Nikamwambia hapana. Nikamweleza pole pole, mambo ya uongo mmoja kufuta yote, ya kwamba hicho ndicho wakili anachotaka, kusikia aliyeniita ni yeye. Vichujio vyenu, mama. Mtoto wa jirani.

Akasikiliza. Akanikunjia kola ikakaa sawa. Akasema: “Mambo mengine si ya kusema mbele za watu, mwanangu. Nitakusitiri.”

Nitakusitiri. Kwa nini alisema hivyo? Mtu ambaye mumewe yuko migodini anasitiriwa nini?

Nilimtazama usoni nione anajua nini. Akawa anatafuta peremende nyingine kwenye mkoba, anatafuta, anatafuta, na mkoba wenyewe ni mdogo.

Ule mkono nilioulalia umeamka. Unachoma. Dada alisema. Miezi mitano tumekaa meza moja, mimi namficha yeye, na yeye labda —

Wametuita.

Niko ndani sasa, nimeketi mbele, naandika chini ya meza. Niliinuka nimshike mkono nimzuie, akawa ameshatangulia. Anaingia kwa mlango mkubwa, watu wote wanamwona. Anachechemea. Anachechemea vibaya sana, anashika kila kiti anachopita, na gauni lile la kijani lililopigwa pasi wiki nzima. Majirani zake wanaangaliana. Jana wamemwona anabeba ndoo mbili.

Wakili kamwona. Kainuka mbio, kamvutia kiti chake mwenyewe, kamkalisha, kainama.

Anamuuliza, kwa upole kabisa, sauti imefika hadi nyuma: pole sana mama, uliumia lini?

Mama hamtazami yeye. Ananitazama mimi.